Magoti ya wazee kambini: vidonge peke yake havitoshi

Bunia – Kambini, wazee waliokimbia vita Irumu wanalalamikia magoti. Wengine wanameza diclofenac kila siku, tena na njaa. Inatuliza maumivu, lakini ikimezwa muda mrefu inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Gegedu, ile sehemu laini kati ya mifupa, ikilika hairudi. Lakini misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapumua: mzee akae kwenye kiti, anyooshe mguu, ahesabu mpaka tano, aushushe, mara kumi, asubuhi na jioni. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma. Maji yabebwe kwa bidoni ndogo, ao vijana wasaidie.

Goti likivimba ghafla na homa, apelekwe kwa munganga mbio. Wazazi, kukaa kutwa nzima si dawa.