Ruhusa ya Baada ya Tendo

Jumanne, 25 Juni 2024, usiku
Matatu zilitoweka mapema. Nimetembea kwa miguu kutoka shuleni hadi Eastleigh, macho yakiwasha kwa vitoa machozi. Mchana wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda mfupi baadaye vijana waliokuwa wakiupinga waliingia Bungeni, sehemu ya jengo ikashika moto, polisi wakafyatua risasi. Watu wamekufa. Waliokuwa barabarani ni rika la wanafunzi niliowafundisha juzijuzi.

Sasa nimesoma notisi ya Gazeti Rasmi iliyotolewa na Waziri wa Ulinzi, Aden Duale: jeshi limetumwa kuwasaidia polisi. Notisi imeegemea Ibara ya 241(3)(b). Nimetoa Katiba yangu kabatini. Herufi (b) ni ya dharura na majanga: mafuriko, jengo lililoporomoka. Hapo jeshi husaidia, kisha Bunge hupewa ripoti. Herufi (c) ndiyo ya kurejesha amani penye ghasia, na hiyo inataka idhini ya Bunge la Kitaifa. Notisi yenyewe inataja maandamano ya fujo. Mbona basi wakachagua (b)?

Jumatano, 26 Juni
Darasani leo nusu ya madawati yalikuwa wazi. Msichana wa Kidato cha Tatu akainua mkono: "Mwalimu, wanajeshi wamekuja kutulinda ama kutupiga?" Nilimwambia Katiba inasema kazi yao ni kulinda nchi. Akanyamaza, akaendelea kunitazama. Jibu langu halikumtosha, wala mimi halikunitosha.

Alasiri Bunge limeidhinisha jeshi litumwe, licha ya upinzani kukataa. Ilikuwa hivyo hivyo Februari 2023, jeshi lilipopelekwa Bonde la Ufa Kaskazini kupambana na wezi wa mifugo: notisi kwanza, Bunge baadaye. Wakati ule wengi tulinyamaza kwa sababu palikuwa mbali na Nairobi. Mimi pia nilinyamaza, na leo naona aibu.

Jioni Rais Ruto ametangaza kwamba hatatia saini mswada. Nimeshukuru Mungu. Lakini mswada umerudi Bungeni na wanajeshi wamebaki barabarani.

Alhamisi, 27 Juni
Magari ya kivita yako katikati ya jiji. Kwenye matatu vijana wawili walikuwa wakisema afadhali mwanajeshi kuliko polisi. Nawaelewa, maana ni polisi waliowapiga risasi. Nilipofika nyumbani nilimweleza jirani yangu, mzee wa Wajir. Aliweka kikombe cha chai chini.

"Mwalimu, hao hawajaona Wagalla."

Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano baadaye ilisema walikaribia elfu moja. Kaskazini ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza mwenye amri: unawapeleka wapi, kwa siku ngapi, kufanya nini?

Mzee hakusema zaidi. Chai yake ilipoa.

Ijumaa, 28 Juni
Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu kupinga kutumwa kwa jeshi, na Jaji Lawrence Mugambi ameamua. Jeshi linaweza kuwasaidia polisi, kwa kuwa walikuwa wamelemewa. Lakini ameipa serikali siku mbili kuchapisha katika Gazeti Rasmi mipaka ya kazi yenyewe na muda wake. Kuwaacha wanajeshi barabarani bila mipaka, amesema, ni mwelekeo wa hatari.

Nilitaka awarudishe kambini. Hata hivyo, maswali aliyoyataka yajibiwe ndiyo yale yaliyokosa mwulizaji Wagalla. Hilo ni tunda la Katiba ya 2010, na nitalitetea.

Jumatatu, 1 Julai
Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu imetoa hesabu: watu 39 wamekufa, 361 wamejeruhiwa. Kila mmoja wa hao 39 alikuwa na mama.

Nimetayarisha somo la kesho. Nitarudi kwa yule msichana na jibu kamili. Nitaandika ubaoni herufi (b) na herufi (c), nao waseme wenyewe tofauti yake. Nitawaambia kwamba Bunge linaloulizwa wanajeshi wakiwa tayari barabarani limebakiwa na kazi ya kuitikia tu, na ruhusa ya namna hiyo haimzuii mtu yeyote kesho. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, lakini jeshi ni la wananchi, na wananchi lazima waulizwe kabla.