Marinda ya Majani

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Kyela, niliombwa kuwaandaa wanafunzi wacheze mganda siku ya mahafali. Nilitaka mganda wa asili hasa. Basi nikawavua wavulana kaptura nyeupe na viatu, nikawanyang'anya filimbi, nikawavika marinda ya majani. Nikajiona nimeokoa mila.

Katika mazoezi ya mwisho alikuja mzee mmoja, mvuvi wa Matema, babu wa mmoja wao. Alitazama kimya, kisha akauliza: "Mwalimu, majani haya umeyatoa wapi? Baba zetu walicheza kwa kaptura zilizopigwa pasi. Asiye na soksi hakuingia mstarini."

Sikuwa na jibu. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi, na ambayo askari na wapagazi wa Vita vya 1914–1918 waliieneza bara. Mganda, na nduguye malipenga wa upande wa Malawi, ni wa ukoo huo. Vibuyu vya malipenga huiga tarumbeta. Kumbe filimbi niliyoipokonya ndiyo iliyokuwa kongwe, na majani yalikuwa mapya: yalitoka katika fikra zangu, mimi niliyelelewa na ngoma za jukwaani.

Huko Ulaya wapo wanaompiga Bach kwa ala za zama zake. Mwanazuoni wa Marekani, Richard Taruskin, aliwaambia kwamba wepesi na usafi wa mapigo yao ni ladha ya karne ya 20. Hakuwakataza kupiga, aliwataka wakiri kuwa ladha hiyo ni yao.

Nasi washairi je? Tunapoghani Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, hakuna kati yetu aliyemsikia Mwengo. Mahadhi tumepewa na walimu wetu na redio, kisha tunamkemea kijana kwamba kaacha asili.

Siku ya mahafali niliwarudishia wavulana kaptura na filimbi zao. Mzee alikaa mstari wa mbele, akipiga mguu chini kwa kufuata ngoma. Tangu hapo, kila ninapotaka kutamka neno "asili", kwanza hujiuliza: ya nani, na ya lini?