Tarehe Inapogoma Kugeuka

Saa ya zamani ya mkono, ile inayotiwa ufunguo kwa vidole, mara nyingi ina dirisha dogo kando ya namba 3, ambamo tarehe ya siku huonekana. Hakuna sehemu ya saa inayolaumiwa kuliko dirisha hilo. Mishale ikichelewa dakika tano kwa siku, mwenye saa huvumilia. Tarehe ikikosea siku moja, husema saa imekufa. Naandika haya kwa ajili ya wale waliorithi saa za namna hiyo kutoka kwa wazazi wao, ambao kila siku hushauriwa kuzitupa, kuzitia mtambo wa betri, au kung'oa gurudumu la tarehe ili zisisumbue tena.

Saa ninayoifahamu kuliko nyingine ni ya marehemu baba. Ilitengenezwa Uswisi, naye aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu alipotutoka, mama ndiye anayeivaa. Mama hakusoma sana, lakini namba anazijua, na kwake dirisha lile ni kalenda: siku ya kupimwa shinikizo la damu, siku ya mchango wa akina mama, siku ya mwisho ya kumlipia mjukuu ada ya shule. Mwaka jana dirisha lilibaki likionyesha 1 kwa siku tatu mfululizo. Akakosa siku yake ya kupimwa, na dawa zikamwishia. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 82 hilo si jambo la mchezo.

Yafaa kwanza tutazame kazi inavyofanyika chini ya uso wa saa. Hapo pamelazwa pete nyembamba iliyoandikwa namba 1 hadi 31, na ukingo wake wa ndani umechongwa meno 31. Gurudumu la mshale wa saa huzunguka mara moja kila saa 12. Gurudumu hilo husukuma jingine, ambalo meno yake yamepimwa ili lenyewe lizunguke mara moja kila saa 24, na juu ya hili la pili kimesimama kidole kidogo cha chuma. Inapokaribia saa sita ya usiku, kidole hukutana na jino moja la pete, hulisukuma, na pete husogea hatua moja. Mahali pengine kwenye ukingo huo huo kuna kizuio: kipande chenye ncha, kinachobanwa na kamani nyembamba kama unywele. Ncha hiyo hutumbukia kati ya meno mawili na kuishika pete isiyumbe mpaka usiku unaofuata. Hayo ndiyo yote. Mwanafunzi wa darasa la sita angeweza kuuchora mtambo huo ubaoni.

Kwa kuwa mtambo ni rahisi hivyo, ugonjwa wake hujitaja wenyewe kwa mtu mwenye subira ya kuutazama. Tarehe ikigeuka saa sita ya mchana badala ya usiku, hakuna kilichoharibika: mtambo uko jioni wakati mwenye saa yuko asubuhi. Azungushe mishale mbele saa 12, na mambo yamekwisha. Nimewaona watu wakilipa fedha kwa ajili ya hilo. Ikigeuka kila siku kabla au baada ya wakati, tuseme saa nne na nusu ya usiku, na daima wakati huo huo, yaelekea mishale ilirudishwa vibaya ilipotolewa. Fundi huichomoa, huzungusha mtambo mpaka tarehe iruke, kisha huirudisha yote miwili ikielekea 12. Nusu saa ya tofauti, hata hivyo, isimnyime mtu usingizi. Tena saa nyingi za zamani hazirushi tarehe kwa ghafula: namba huanza kusogea saa mbili au tatu kabla ya usiku wa manane na kutulia baadaye. Huo ni mwendo wake wa asili.

Namba mbili zikiruka kwa pamoja, au pete ikiyumba dirishani, tazama kizuio; kamani yake imelegea au imevunjika. Saa ikisimama yenyewe karibu na usiku wa manane, kisha ikatembea tena ukiisukuma mishale kidogo, tarehe haina hatia. Kuisukuma pete kunahitaji nguvu zaidi ya kusukuma mishale peke yake, na mtambo wenye mafuta yaliyoganda au kamani kuu iliyochoka hushindwa hapo hapo, kama punda anayesimama chini ya mlima. Dawa yake ni kuusafisha mtambo mzima. Na tarehe isipogeuka usiku wowote, lakini ikageuka vizuri kwa kifundo cha pembeni kilichovutwa hadi hatua ya kati, basi pete na kizuio ni wazima. Kilichovunjika ni kidole au gurudumu lake.

Fundi tuliyemwendea ni mzee mwenye mkono mtulivu, anayefanya kazi nyuma ya meza yenye kioo karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu. Aliisikiliza saa, akaitazama, akatoa shauri la haraka.

«Mwalimu, tuondoe gurudumu la tarehe. Saa itatembea vizuri, na mama hatasumbuka tena.»

«Mzee wangu, saa mama anaisikia kwenye kengele ya kanisa. Anachokihitaji ni tarehe.»

Kisha nikamweleza maneno ya mama mwenyewe, jinsi alivyoyasema: «Inalala kwenye moja. Kwenye nyingine zote inaamka. Na kwenye kumi na mbili inakaa upande.»

Mzee akaiweka bisibisi chini. Kwa fundi, maneno hayo yana thamani kuliko kioo cha kukuzia. Ugonjwa unaotokea siku yoyote uko kwenye kidole au kwenye kizuio, kwa maana hivyo viwili hufanya kazi ile ile kila usiku. Ugonjwa unaorudi kwenye namba ile ile kila mwezi uko kwenye pete, kwa sababu pete peke yake ndiyo inayotofautisha siku na siku. Na mbona 12 ikae upande? Kwa sababu jino moja hupita mbele ya mabwana kadhaa. Siku moja liko mbele ya kidole, siku nyingine liko mbele ya kizuio. Jino lililopinda hukataa kusukumwa tarehe 1, na siku 11 baadaye likifika kwenye kizuio, ncha hukosa mahali pazuri pa kutulia. Mama, bila kuona hata gurudumu moja, alikuwa amelitaja jino lenyewe mara mbili.

Jaribio lilikuwa fupi. Kwa kifundo mzee aliifikisha tarehe 28, kisha akazungusha mishale mbele, usiku baada ya usiku: 29, 30, 31, 1, na hapo ikabaki. Alipoufungua uso, lile jino lilionekana limeinama kama la mtoto linalotaka kung'oka.

Mahali pa jino hilo palituambia pia siku lilipoumia. Pete ina namba 31, lakini miezi mitano ya mwaka haifiki 31: Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Kosa hilo la hesabu si la mtengeneza saa, ni la kalenda yenyewe, ambayo hata Papa Gregori XIII hakuigusa upande huo. Mwaka 1582 alipoirekebisha, akisaidiwa na wataalamu kama Padre Christopher Clavius, Myezuiti, tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15, na miaka mirefu ikapunguzwa; lakini urefu wa miezi aliuacha kama Warumi walivyoupanga. Kwa hiyo hata Rolex Datejust, saa maarufu iliyotoka mwaka 1945, inayojitia ufunguo yenyewe na kuonyesha tarehe dirishani, haijui Februari. Zipo saa za gharama kubwa zinazoijua, hata na miaka mirefu, nazo zitahitaji mkono wa mtu mwaka 2100, ambao hautakuwa mrefu. Sisi wengine twarekebisha mara tano kwa mwaka.

Na hapo ndipo saa huvunjikia. Baada ya sikukuu ya Uhuru wetu, 30 Juni, mtu huamka tarehe 1 Julai na kuona dirisha linasema 31. Shughuli za mchana humsahaulisha. Usiku baada ya chakula hukumbuka, huvuta kifundo, na kusukuma. Lakini kati ya saa tatu ya usiku na saa tisa kidole kimekwisha kuingia kati ya meno. Kifundo huivuta pete mbele, kidole husimama njiani kama mti barabarani, na kimoja hupinda. Mjukuu anayeishi na mama ndiye aliyekuwa akimsaidia kurekebisha, naye alifanya hivyo usiku, kwani ndipo alipopata nafasi. Hatukumkaripia. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na saa yenyewe haikuandikwa onyo lolote.

Njia salama haihitaji hata kukumbuka saa za hatari. Kabla ya kugusa tarehe, zungusha mishale mpaka mshale wa saa uelekee chini, kwenye 6. Hapo kidole kiko mbali na pete, iwe asubuhi au jioni. Weka tarehe ya jana, kisha zungusha mishale mbele mpaka namba igeuke yenyewe kuwa ya leo. Sasa unajua kwamba mtambo uko baada ya usiku wa manane, na waweza kuendelea mpaka saa iliyopo, ukipita 12 mara moja zaidi kama ni alasiri.

Jino la shaba nyembamba likinyoshwa huvunjika mara nyingi, kwa hiyo mzee hakulijaribu. Alisoma namba ya mtambo iliyogongwa karibu na gurudumu la mizani, akaanza kutafuta katika kopo lake la saa zilizokufa. Ya kwanza aliyoipata ilikuwa na namba ile ile ya mtambo, lakini dirisha lake lilikuwa kwenye 6, na tarehe zake zingesimama kwa ubavu katika saa yetu. Ya tatu ilikubali. Ilipofungwa, tulizungusha mwezi mzima hapo hapo mezani, mizunguko 744 ya mshale wa dakika, tukipokezana, kidole gumba changu kikilalamika tangu tarehe 9. Ilipita 1. Ilipita 12, imenyooka.

Tofauti ni moja tu. Pete ya saa ile nyingine iliandikwa namba witiri kwa rangi nyeusi na shufwa kwa nyekundu. Mama aliitazama kwa siku mbili, kisha akaniita kuniuliza kama nyekundu ndizo siku za dawa.