Ahadi Isiyojibiwa

Kwa sisi tuliozaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Mwaka jana niliteremka basi pale Boma Ng'ombe, nikapanda gari dogo la kwenda Masama. Mkobani nilikuwa na sukari, kitenge cha mama, na kichwani maneno makali niliyoyaandaa njia nzima kwa ajili ya kijana wa kaka yangu.

Kaka alikuwa amenipigia simu mwezi mmoja kabla. "Njoo uzungumze na huyu mtoto. Amemaliza kidato cha nne, chuo hajapata, majani ya ng'ombe hakati mpaka afokewe. Kutwa kucha ni mchezo kwenye simu. Wewe ndiye shangazi yake." Ndugu msomaji, shangazi akishaitwa, ujue mambo yamekuwa mazito.

Nilimkuta juu ya mfongo, mahali penye mwinuko ambapo mtandao haukatiki ovyo. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, simu yenye kioo kilichopasuka mkononi. Aliniamkia kwa adabu. Nikamwuliza, "Huu ndio mchezo wenyewe?"

"Sichezi, shangazi. Naandika."

Nikaketi. Nikatazama. Kwa kweli hapakuwa na mchezo wowote, bali mistari ya maandishi, mmoja chini ya mwingine, kama orodha ya mahesabu.

Akanieleza. Kuna mahali katika intaneti paitwapo Lichess, ambapo watu wa dunia nzima hucheza sataranji bila malipo na bila matangazo. Paliasisiwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na huendeshwa kwa michango ya watu. Mbali na ukumbi wa wachezaji, Lichess imeacha wazi dirisha jingine kwa ajili ya programu. Programu yoyote yaweza kubisha hapo na kuuliza: fulani amecheza michezo mingapi? Mchezo wake wa jana ulikwendaje? Kijana alikuwa akitunga programu ya kwenda kubisha, kuuliza na kurudi na jibu. Wataalamu huiita mteja, lakini mimi naona ni mjumbe. Aliitunga kwa JavaScript, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi tu. Na alikuwa ameiweka huria, yaani mtu yeyote aweza kuichukua, kuisoma, kuirekebisha na kuitumia.

"Bure?" nikamwuliza.

"Bure, shangazi. Mwezi uliopita mtu wa nchi ya mbali, nisiyemjua, aliona kosa langu akalirekebisha, akanirudishia. Ni kama msaragambo."

Neno hilo lilinipunguzia ukali. Akaendelea kunisimulia kosa lake la kwanza. Programu yake ilituma maswali mengi kwa mkupuo mmoja, na Lichess ikamfungia dirisha. Kanuni yao ni swali moja kwa wakati mmoja. Na ukiambiwa umezidisha, ungoje dakika nzima kabla ya kuuliza tena. Ilimbidi aandike upya, maswali yapange foleni.

Baba yangu, aliyekuwa akisafisha mfongo hatua chache kutoka kwetu, alisikia akacheka. Kwa miaka mingi yeye alikuwa mmoja wa wasimamizi wa zamu za maji. "Hata hapa," akasema, "anayefungulia maji shambani kwake bila zamu hufungiwa. Maji ni ya wote."

Ndipo nikauliza jambo lililonitatiza. Ikiwa jibu huchelewa njiani, mjumbe hufanya nini? Husimama tu dirishani? Kijana akasema hapana, na kwamba huo ndio ufundi wenyewe. JavaScript hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ikisimama kungoja, kila kitu husimama. Kwa hiyo, inapouliza, hupewa mara moja kitu kiitwacho "ahadi", kisha huendelea na kazi nyingine mpaka jibu lifike. Jina hilo si lake. Liliingizwa katika kanuni rasmi za lugha hiyo mwaka 2015. Ni vilevile mkulima anayengoja zamu: hasimami mferejini tangu alfajiri, hupalilia migomba yake hadi aitwe.

"Ahadi ina hali tatu," akasema. "Inangojewa, imetimizwa, au imekataliwa. Ikikataliwa si neno. Programu hujua, hutafuta njia nyingine. Taabu ni ile inayongojewa bila mwisho. Hiyo mimi huiwekea muda. Muda ukipita, naihesabu kuwa imekataliwa."

Hakuwa akinisema mimi. Hata hivyo nilitazama simu ile iliyopasuka, nikashindwa kumtazama usoni. Krismasi iliyotangulia, mbele ya jamaa wote, nilikuwa nimemwahidi kompyuta ya mkononi, hata iliyotumika. Nilisema "mwezi ujao". Miezi kumi na miwili ikapita. Sikununua, na wala sikumwambia kwamba nimeshindwa. Mtoto aliandika programu nzima kwa vidole gumba, baba yake akimwona mvivu anayechezea simu. Na mimi niliyesababisha nimekuja kumwonya!

Nilimwambia ukweli. Kwamba kodi ya nyumba ilipanda, kwamba mwanangu aliugua, na kwamba niliona aibu kusema sina. "Mwezi huu siwezi. Mwezi wa tatu nitatuma nusu. Nusu nyingine nitazungumza na baba yako."

Akanyamaza kidogo. "Asante, shangazi. Sasa najua." Akachukua panga, akaenda kukata majani.

Jioni nilizungumza na kaka. Haikuwa rahisi, kwake kazi ni ile inayochafua mikono. Lakini alikubali mwanawe apewe saa zake za kuandika, mradi ng'ombe wasilale njaa. Nusu yangu ilifika mwezi wa nne badala ya wa tatu, ila safari hii nilipiga simu mapema kusema nitachelewa.

Ndugu wazazi, sisi wa mijini huogopa sana kuwaambia watoto "sina". Tunadhani "mwezi ujao" ni neno la upole. Mtoto aliyeambiwa "sina" huinuka akatafuta njia nyingine. Aliyeambiwa "mwezi ujao" huketi mferejini, akingoja maji ambayo hayajafunguliwa.