"Mama, nikiuliza wanacheka"

Wazazi wengi hufurahi mtoto anapochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, wakasahau kwamba hapo lugha ya darasani inabadilika. Katika shule nyingi za msingi masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika sekondari, baiolojia, jiografia na hisabati vyote vinakuja kwa Kiingereza.

Mama mmoja wa Izia, Sumbawanga, anayeuza maharage sokoni, aliliona hilo kwenye madaftari ya binti yake. Mwandiko mzuri, kila kitu kimenakiliwa, lakini alama zinashuka.

"Mbona humuulizi mwalimu?"

Binti akainama. "Mama, nikiuliza wanacheka."

Siku moja alisimama akasema, "This word means what?" Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo hakunyoosha mkono tena.

Binti yule hakuwa mjinga. Aliuliza kwa mpangilio wa Kiswahili. Mswahili husema, "Neno hili lina maana gani?" na neno la kuulizia hukaa mwishoni. Kiingereza hulileta mbele, kisha hufuata kitenzi kisaidizi, mtenda, na kitenzi chenyewe: "What does this word mean?"

Mama huyo aliishia darasa la saba. Akamwomba kijana wa jirani, aliyemaliza kidato cha sita, aje amfundishe binti, naye akakaa kusikiliza. Kijana akakata boksi vipande, akaandika neno moja kila kipande, akavipanga mezani. Kwenye "You are ready", kipande cha "are" kikahamia mbele: "Are you ready?" Kwenye "She lives in Izia" hakuna kisaidizi cha kuhamisha, kwa hiyo huazimwa "does": "Does she live in Izia?"

Mama akashtuka. "Mbona ile s imepotea?"

"Haijapotea, mama. Imehamia kwenye does."

Jambo likiwa limepita, huazimwa "did", na kitenzi kinarudi katika umbo lake la asili: "Did you go?", siyo "Did you went?"

Jioni kadhaa, vyombo vikishaoshwa, vipande vile vilirudi mezani. Aliyekosea zaidi alikuwa mama, na binti akawa anamsahihisha huku wote wakicheka. Baada ya wiki chache alinyoosha mkono kwenye kipindi cha baiolojia. Aliuliza maana ya neno moja tu, akajibiwa.

Mzazi, si lazima ujue Kiingereza ndipo umsaidie mwanao. Badala ya kumpokea na "Umepata ngapi?", jaribu "Leo umeuliza nini darasani?" Akisema hakuuliza, usimgombeze. Mwambie akueleze alitaka kuuliza nini, kwa Kiswahili au kwa Kifipa, kisha mkae pamoja muyapange maneno.