Vitumbua vya Chennai

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kukutana na maneno ya mkopo yakiwa yamepangwa safu katika vitabu vya isimu: chapati, bajia, achari, kachumbari, sukari guru. Twayakariri, twataja chimbuko lake, kisha twayaacha darasani. Binafsi, nilianza kuyaheshimu maneno hayo mwaka wa 2022, nilipokaa wiki saba mjini Chennai, kusini mwa India, nikimuuguza mama mzazi.

Mama ni mzawa wa Mombasa, na kwa zaidi ya miaka ishirini alitusomesha kwa kuuza vitumbua. Baada ya awamu ya pili ya matibabu, hamu ya chakula ilimtoka kabisa. Daktari alitutahadharisha kwamba uzani wake ukizidi kupungua, matibabu yangesimamishwa kwa muda. Kazi yangu, basi, ikawa moja tu: kutafuta chochote ambacho mama angekubali kukimeza.

Vyakula vingi vya Kihindi tuvijuavyo pwani vilikuja na watu wa Gujarati na Kachi, magharibi mwa India. Chennai ni ulimwengu mwingine. Huko mchele ndio mfalme wa jiko. Huurowekwa pamoja na choroko nyeusi, ukasagwa, ukaachwa uumuke usiku kucha. Rojo hilo likipikwa kwa mvuke huwa idli, laini na nyeupe kama pamba. Likitandazwa juu ya chuma cha moto huwa dosa, nyembamba na kavu pembezoni. Vyote viwili huliwa kwa chatini ya nazi na sambar, ambao ni mchuzi wa mbaazi zilizoparazwa, wenye ukali wa ukwaju. Jioni, kwenye ufuo wa Marina, wachuuzi huuza sundal: dengu zilizochemshwa, zikachanganywa na nazi iliyokunwa na vipande vya embe bichi. Mimi nilivila vyote kwa raha. Mama alionja kidogo kidogo, akashukuru, akasukuma sahani.

Siku moja tulipokuwa tukirejea kutoka hospitalini, mama alisimama ghafla kando ya njia. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa ameinamia chuma chenye vishimo vya mviringo, akivigeuza vidonge vya unga kwa kijiti. Mama alinishika mkono. "Mwanangu, hivi si vitumbua?"

Huko huitwa kuzhi paniyaram. Kuzhi, kwa Kitamil, ni shimo. Vile vya siku hiyo vilikuwa vitamu, vimetiwa sukari guru. Yule mwanamke hakujua Kiswahili, na mama hakujua hata neno moja la Kitamil. Mama alinusa, akasema, "Iliki." Mwenzake akatabasamu, akajibu, "Elakkai." Kisha wakaanza kusemezana kwa mikono: mchele umerowekwa muda gani, moto uwe wa kiasi gani, mafuta kiasi gani kwa kila kishimo. Mama hakuuliza nani alimwiga nani. Alikula vitano akiwa amesimama pale pale.

Tulirudi kila siku. Kabla ya awamu ya tatu alikuwa ameongeza kilo mbili, na matibabu yakaendelea.

Katika safari ya kurejea nyumbani tulipitia Mumbai. Hapo nilikula vada pav, kiazi kilichopondwa, kikavikwa unga wa dengu na kukaangwa, kisha kikabanwa ndani ya mkate. Ndugu wa karibu sana wa kachori yetu ya Mombasa. Neno pav lilitokana na jina la mkate kwa Kireno. Kiazi chenyewe huitwa batata, nasi tuna mbatata. Sokoni niliona mapera, muuzaji akayaita peru. Hivyo basi, Bahari ya Hindi haikuwa mpaka bali ilikuwa barabara, na wapishi walipita humo kabla ya wanaisimu.

Wapo wanaoona haya kwamba Kiswahili kimekopa. Nawaomba watazame jikoni. Mkopo wa jikoni haulipwi kwa kurejeshwa bali kwa kupikwa vyema, na aliyekopesha hapungukiwi na kitu.

Mama yu hai, na hupika mara mbili kwa juma. Nimeanza kuyaandika maneno yake: namna anavyolitaja rojo lililoumuka kupita kiasi, kitumbua kilichoiva nje kikabaki kibichi ndani, au chuma kipya ambacho bado hakijazoea mafuta. Mengi ya maneno hayo sijayaona katika kamusi yoyote niliyonayo. Wenzangu mnaotafuta mada za tasnifu, nendeni mkawasikilize mama zenu na nyanya zenu wakiwa jikoni, tena nendeni mapema. Mimi nilikaribia kuchelewa.