Valvu Mbovu, Lawama kwa Mwanangu
Kila asubuhi tulikuta maji chini ya mashine ya kuoshea vyombo. Nikamkaripia mwanangu mbele ya dada zake: “Huufungi mlango vizuri!” Akanyamaza.

Jana nilichomoa waya wa umeme, maji bado yakawa yanaingia. Kumbe valvu ya kuingizia maji haifungi! Nikafunga koki, nikachomoa mpira na nyaya zake, nikaweka mpya. Dakika 20 tu.

Kazi ngumu ilikuwa kumwomba mtoto radhi. Nilisitasita mpaka baada ya Isha, nikamwomba mbele ya dada zake walewale.

Ndugu zangu, Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inatuonya juu ya dhana. Tuhakikishe kabla ya kulaumu. Allah atusamehe. Aamin.